Mpangaji Anajulikana Siku ya Taka

Jumamosi saa moja asubuhi, mama wa vitumbua hajajaza hata beseni moja, mlango wangu hapa Madale unagongwa. Siulizi nani. Ni binti wa hela ya taka, kaunta buku kwapani, kalamu ameifunga kwa uzi wa kiatu isije ikaazimwa ikapotea. Yule binti anatujua. Anajua chumba cha mbele kimehamwa tangu tarehe 30. Anajua kijana wa mlango wa tatu analala mchana kwa sababu usiku analinda ghala, kwa hiyo yeye hugongewa jioni. Anajua mama wa uani anadaiwa miezi miwili na leo atatoa nusu. Nyumba yetu ina milango sita, na yote sita imo kwenye daftari lake, kila mlango na mstari wake, tiki ya bluu kwa aliyelipa, mkwaju mwekundu kwa mdaiwa. Mwenye nyumba anaishi upande wa pili wa jiji na wala hajawahi kuulizwa lolote.

Nalitaja daftari hilo mapema kwa sababu nataka liwe kielelezo namba moja kwenye kesi yangu. Kila ninapouliza kwa nini halmashauri za jiji hili la Dar es Salaam hazina chochote kwa ajili ya mtu anayepanga, iwe kwenye mkutano wa mtaa, iwe kwa jamaa wa mipango miji, iwe kwa diwani mmoja aliyekubali tunywe chai, jibu ni lile lile: wapangaji hawajulikani, leo yuko Madale kesho yuko Chanika, huwezi kumpangia huduma mtu usiyejua anakolala. Uongo mtupu. Ninakolala panajulikana. Hata saa ninayoamka inajulikana.

Wala si taka peke yake. Mchango wa ulinzi shirikishi unanipata. Sensa ya 2022 ilinipata: karani alikaa kwenye kigoda changu, akaniuliza kama nyumba ni yangu au nimepanga, nikamjibu, akaandika. Operesheni ya anwani za makazi mwaka huo huo ikatubandikia namba. Mita ya umeme inanipata kila mwezi. Kwenye kuchukua, Serikali hii ina macho ya mwewe. Ikifika zamu ya kutoa, inaanza kupapasa ukuta.

Tuje kwenye neno kodi. Kiswahili kimefunga mizigo miwili kwa kamba moja: ninayompa mwenye nyumba ni kodi, na inayokwenda Serikalini nayo ni kodi. Zamani nilidhani ni upungufu wa lugha. Siku hizi naona waliotuachia neno hilo waliona mbali, maana tangu Agosti 2021 kodi hizo mbili zimekutana kwenye mfuko wangu mmoja. Kodi ya jengo, ambayo kwa jina lake tu ni ya mwenye jengo, ilihamishiwa kwenye LUKU: sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, sh 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Julai 2023 ikapanda, 1,500 na 7,500. Unanunua umeme wa kwanza wa mwezi, mashine inakata chake, halafu inakupa uniti zilizobaki. Sasa kwenye nyumba ya kupanga nani ananunua umeme? Tulipolalamika tukaambiwa tukaelewane na wenye nyumba, watukatie kwenye pango. Aliyetoa ushauri huo ama hajawahi kupanga ama amesahau. Mimi nilijaribu. Nilipiga simu, "Shikamoo mama, naomba unipunguzie elfu moja na mia tano, mwezi huu nimekulipia kodi ya jengo." Mama mwenye nyumba alicheka, si kwa dharau, alicheka kwa furaha kabisa, kama mtu aliyesimuliwa kichekesho kipya. Kisha akaniuliza ya miezi sita ijayo inaingia lini.

Na ndani ya elfu moja na mia tano hiyo kuna ufedhuli mwingine. Panda nami bodaboda kutoka Tegeta Kibaoni, uipishe foleni ya malori ya saruji, upande huku juu mpaka Mivumoni, utazame majumba: uzio wa umeme, geti la rimoti, paa la vigae, bwawa la kuogelea ambalo watoto wa mtaani wanalijua kwa sauti ya maji tu. Jumba likiwa la chini, halina ghorofa, kodi yake kwenye LUKU ni 1,500. Nyumba yetu ya milango sita na choo kimoja uani, 1,500. Mwaka 1923 jiji la Vienna, likiwa bado linachechemea kutokana na vita kuu, lilianzisha kodi ya kujengea nyumba, na mwenye kasri akatozwa mara nyingi zaidi ya mwenye kijumba. Kwa fedha hizo halmashauri ikaanza kujenga, ikaendelea, na leo jiji lile linamiliki takribani nyumba 220,000 ambamo dereva wa basi anaishi mlango mmoja na mwalimu. Naitaja Vienna mara moja tu na siirudii, najua mtu ameshafungua mdomo kusema sisi si Wazungu. Sawa. Lakini walipoanza hawakuwa matajiri. Walichokuwa nacho ni ujasiri wa kutotoza kasri na kibanda bei moja.

Hapa kwetu hesabu ya kupata chumba inakwenda hivi. Chumba na sebule, choo cha kuchangia, chukulia 120,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita: 720,000. Dalali anataka yake ya mwezi mmoja: 120,000. Kabla ya hapo umeshampa elfu kumi ya kukuzungusha, na hurudishiwi hata akuonyeshe mabanda ya kuku. Jumla 840,000 na zaidi, mkononi, siku moja, kabla hujanunua ndoo ya maji. Serikali ilipopandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wake kufika sh 500,000 Julai 2025 tulipiga makofi, na ilistahili makofi. Basi mtumishi huyo wa kima cha chini, asile, asipande daladala, asimtumie mama yake kijijini hata senti, bado mshahara wa mwezi mzima haumfikishi kwenye mlango wa chumba na sebule. Na huyo ana mshahara wa Serikali. Dada wa mgahawani, kijana wa kuosha magari, yule mlinzi wa mlango wa tatu, wao wanazipata wapi? Wanakopa. Wanauza simu. Wanaomba mchezo wa upatu uwaangukie mapema. Wengine wanabaki kwenye ndoa zilizokwisha kufa kwa sababu tu kuachana kunahitaji kodi ya miezi sita.

Ningependa kumchukia mwenye nyumba wangu, kazi ya kuandika makala hii ingekuwa nyepesi. Siwezi. Ni mwalimu mstaafu, mjane, na nyumba hii aliijenga tofali kwa tofali. Milango mitatu ya mwisho, ikiwemo wangu, ilipauliwa kwa kodi ya miezi sita ya waliokaa milango ya kwanza. Alinisimulia mwenyewe bila kuona aibu, na kwa nini aone? Benki haikumkopesha. Halmashauri haikumpa chochote. Waliomkopesha ni wapangaji, mkopo usio na riba, usio na dhamana, unaolipwa kwa kuruhusiwa kulala. Tembea Dar es Salaam nzima, Mbagala, Goba, Kimara, Tandika, Kinyerezi, uangalie zile nyumba ambazo chumba kimoja kina rangi na kinachofuata kina nondo zinazochungulia juu. Ile ndiyo benki ya ujenzi ya jiji hili, na wenye akiba ndani yake ni sisi. Kila tofali lina kodi ya mtu ambaye alishahamishwa.

Kwa hiyo simlaumu yule mama. Ninayemlaumu ni aliyetuacha sisi wawili, mjane na mpangaji, tupigane wenyewe kwa wenyewe katika chumba cha futi kumi kwa kumi huku yeye akikusanya hela ya taka.

Mwaka juzi nilipata ujumbe kwenye simu: kodi inapanda kutoka 120,000 hadi 160,000 kuanzia mwezi ujao, "ukiona nzito nijulishe mapema nitafute mtu". Si huyu mama, ni mwenye nyumba wa kabla yake, kwenye mtaa mwingine. Nikaenda ofisi moja ya serikali ya mtaa, siitaji, na kuitaja kusingesaidia kwa sababu ingekuwa yoyote. Benchi la mbao, feni imesimama, mtendaji anapiga mihuri barua za utambulisho. Ukutani matangazo matatu yamebandikwa kwa gundi ya karatasi: tarehe za kuzoa taka, mikopo ya asilimia 10 ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na ukumbusho wa kulipa kodi ya jengo. Nikaeleza shida yangu.

"Baba, una mkataba?"

Nikamwonyesha. Ile fomu inayouzwa steshenari, umejaza jina, kiasi, saini mbili, shahidi hakuna.

Akausoma kwa adabu, mbele na nyuma, ingawa nyuma hapakuwa na kitu. "Haya ni makubaliano yenu wawili. Mwenye nyumba akija hapa tutawasikiliza wote. Asipokuja, sisi hatuwezi kuingilia nyumba ya mtu."

Nikamwambia basi naomba barua ya utambulisho nikahangaike mbele. Akanijibu, bado kwa adabu ile ile, kwamba kwa barua hiyo lazima mwenye nyumba athibitishe kuwa naishi kwake.

Nilicheka. Na yeye akacheka. Alikuwa mtu mwema, nasisitiza, hana meno ya kuuma wala karatasi ya kuandika malalamiko ya aina yangu. Nikatoka nje nikanunua muhogo wa kuchoma. Mwisho wa mwezi nikahama.

Atakayesema sheria ipo, namwambia naijua. Sheria ya Ardhi ya 1999 ina sehemu nzima ya upangishaji. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lipo. Baraza la kata nalo lipo, ingawa tangu marekebisho ya 2021 limebaki na kazi ya kusuluhisha tu, halihukumu tena. Lakini mtu anayedaiwa 40,000 za nyongeza afungue shauri wilayani, aache kibarua siku ya kutajwa, siku ya kusikilizwa, siku ya kuahirishwa, kwa ajili ya chumba ambacho atatolewa vyombo kabla faili halijapata namba? Baraza ni la watu wanaogombea ekari. Sisi tunagombea funguo.

Na wengi hawakumbuki kwamba nchi hii iliwahi kuwa na sheria ya kudhibiti kodi za pango. Ilitungwa 1984. Ilikuwa na mabaraza yake ya nyumba, mpangaji akipandishiwa kodi alikuwa na mahali pa kwenda kuuliza kwa haki gani. Haikuwa sheria nzuri sana. Ilikuwa imetoboka, wenye nyumba waliizunguka, na wawekezaji waliichukia kama ukoma. Mwaka 2005 ikafutwa. Sigombani na kufutwa kwake kama nguo imechakaa. Nagombana na kumvua mtu nguo iliyochakaa halafu ukamwacha hivyo hivyo barabarani. Tangu hapo tumekuwa tukisikia matamko majukwaani, kwamba kodi ilipwe kwa mwezi, kwamba madalali wadhibitiwe. Tamko linapigiwa vigelegele, gari la mheshimiwa linaondoka, vumbi linatua, na dalali anatuma ujumbe: chumba kipo, miezi sita, serious tu.

Sasa nije kwenye nyumba zenyewe, maana kulikuwa na wakati ambapo mpangaji wa Dar es Salaam alikuwa na mwenye nyumba aliyeitwa Serikali. Mkoloni alijenga kota Ilala, Temeke na Magomeni, kwa sababu zake, alitaka vibarua wafike kazini mapema. Uhuru ulipofika, 1962 tukaunda Shirika la Nyumba la Taifa, likabomoa nyumba za udongo mitaa kama Magomeni na kuinua za matofali. Mwaka 1971 Serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya sh 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na watu ambao walikuwa wakipita Upanga na katikati ya jiji kwa kutumwa tu wakapata kuishi humo. Kulikuwa na dhuluma ndani yake, zipo familia za Kihindi ambazo mpaka leo zinasimulia, na sitaifunika. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba. Katikati hapo, miaka ya 1970, tukabadilisha wimbo: badala ya nyumba tukaanza kugawa viwanja, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ndivyo Sinza na Kijitonyama zilivyopimwa. Mwaka 2002 tukapima vingine elfu 20, Mbweni, Bunju, Tuangoma, Kibada. Kiwanja ni kitu kizuri kwa mwenye hela ya kujenga. Kwa mpangaji, kiwanja cha mtu mwingine ni miezi sita mingine ya kodi inayosubiri kuombwa.

Mwaka huo huo wa 2002 Serikali ikaanza kuuza maelfu ya nyumba zake kwa watumishi, Rais akiwa Benjamin Mkapa, waziri wa ujenzi akiwa John Magufuli. Shikilia jina hilo la pili, linarudi.

Linarudi Magomeni. Kama kuna mahali ambapo kila mpangaji wa manispaa yetu ya Kinondoni angepaswa kwenda kuhiji, ni Magomeni Kota. Pale palikuwa na wapangaji halisi wa manispaa, kaya 644, wengine wamezaliwa humo, wamezika wazazi kutoka humo. Wakaambiwa watoke, eneo linaendelezwa. Kufikia 2012 kota zilikuwa zimelazwa chini. Halafu? Halafu hakuna. Nyasi zikaota mahali palipokuwa na sebule za watu. Miaka ikapita, eneo la dhahabu, hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro, limekaa kimya huku kaya 644 zikitawanyika kupanga kama sisi, kwa wenye nyumba wa mitaani, kwa madalali, kwa miezi sita sita.

Mwaka 2016 akaja Magufuli, safari hii akiwa Rais, akasimama pale akaamuru zijengwe, na akasema watakaa miaka mitano bila kulipa kodi. Yule yule aliyesimamia kuuzwa kwa nyumba za Serikali ndiye aliyekuja kuwarudishia nyumba wapangaji wa manispaa. Historia ya nchi hii ina utani wake. Wakala wa Majengo ukajenga ghorofa. Tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazizindua. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka kota zilipolala chini alikuwa kidato cha nne siku utepe unakatwa. Wale waliotoka humo wakiwa tayari wazee, hesabu mwenyewe.

Nilikwenda kuziangalia. Ni nzuri, sitakuwa mnafiki. Nilimwona bibi mmoja amekaa kwenye ngazi za ghorofa anachambua mchicha, amevua ndala, amenyoosha miguu kama mtu aliyefika. Nikafurahi kwa ajili yake mpaka koo likakaba. Kisha nikakasirika njia nzima ya kurudi Madale.

Nilikasirika kwa mambo mawili. La kwanza, bibi yule hakuipata nyumba kwa haki ya mpangaji. Aliipata kwa sababu Rais alipita. Manispaa iliyokuwa mwenye nyumba wake haikuweza kumrudisha kwa miaka yote ile, na hapakuwa na kaunta, sheria ndogo wala afisa ambaye kazi yake ilikuwa kumjibu: bibi, unarudi tarehe fulani. Kama msafara ungepita njia nyingine, nyasi zingekuwa shingoni leo. Huduma inayohitaji king'ora si huduma.

La pili ni hili, na hapa najua nitawaudhi hata wakazi wenyewe wa Magomeni. Mpango ni wa mpangaji mnunuzi, maana yake mwisho wa safari nyumba ni zao. Kwa wao ni haki, baada ya mateso yale simnyimi mtu. Lakini maana yake ni kwamba ya mwisho ikishalipiwa, kota imekwisha. Mtoto wa bibi wa mchicha akihama kuanza maisha, atakuja huku Madale kutafuta dalali. Sisi tukijenga, tunajenga ili tuuze. Nenda Kawe, kwenye mradi wa Shirika la Nyumba unaobeba jina la Rais Samia, nyumba 560 za mwanzo: za kuuza. Hata neno "nyumba za gharama nafuu" kwa lugha ya ofisini maana yake ni nafuu kununua. Hakuna anayetamka "nafuu kupanga". Kama vile kupanga ni ugonjwa wa muda, na dawa yake ni kumiliki, na asiyepona ni mzembe.

Mimi nina miaka ishirini na mbili ya kupanga. Nina watoto wawili. Sijioni mgonjwa.

Wenzetu Nairobi bado wana mitaa ya nyumba za halmashauri, Kaloleni, Ziwani, Jericho. Paa zinavuja, maji taka yanapita yanakotaka, madeni ya kodi ya miaka na miaka. Simpi mtu mfano wa pepo. Ila mpangaji wa Ziwani ana mwenye nyumba anayeweza kumpigia kelele, na akichaguliwa diwani mwongo anajua la kumwuliza. Na nyumba bila sikio ni hatari nayo: London, usiku wa tarehe 14 Juni 2017, jengo la Grenfell, mali ya halmashauri, liliungua na watu 72 wakafa, na wakazi walikuwa wameonya kwa miaka kwamba jengo si salama. Kwa hiyo mtu asinielewe vibaya akadhani nalilia saruji tu. Nalilia kaunta kwanza.

Hela hakuna, wataniambia. Manispaa ya Kinondoni ina timu ya mpira, KMC, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2018, na ina uwanja wake pale Mwenge. Naipenda timu ile, nimekaa jukwaani nikala karanga na kuwatukana waamuzi. Lakini halmashauri inayoweza kulipa kipa wa akiba haiwezi kuniambia imeshindwa kumlipa karani mmoja wa wapangaji katika kila kata. Kiti kimoja. Meza moja. Daftari moja, na daftari lenyewe lipo, analo binti wa taka. Fomu ya mkataba ya halmashauri yenyewe, yenye jina la mwenye nyumba, namba ya ile anwani mliyotubandikia, kiasi cha kodi, notisi ya kupandisha isiyopungua miezi mitatu, na mhuri wa mtaa ambao mnaupiga kwenye kila kitu isipokuwa kwenye makazi ya watu. Hayo hayahitaji mkopo kutoka nje. Yanahitaji kikao kimoja cha madiwani ambacho posho yake ingelipwa hata hivyo.

Na huyo mama mjane wangu asitishike, maana karani ni wake pia. Mpangaji akimkimbia na deni la maji, akivunja sinki akahama usiku, naye ana pa kwenda. Mpeni kitu cha kumfanya asihitaji miezi sita ya mbele: asilimia 10 ya mapato ya ndani mnakopesha vikundi vifuge kuku na kushona sare, haya, nani amekataza kikundi cha wenye nyumba wadogo kikopeshwe mabati kwa sharti la kupokea kodi mwezi kwa mwezi? Nyumba za kupangisha za halmashauri zije baadaye, zianze ishirini, zianze kumi, kwenye kiwanja chochote ambacho bado hakijapangiwa kuwa fremu za maduka. Ila ziwe za kupanga, milele. Atakayependekeza ziuzwe akatafute chumba kwa dalali kwanza, kisha arudi tuzungumze.

Jumamosi iliyopita nililipa. Nikamwomba yule binti nione daftari. Akasita, kisha akaligeuza upande wangu. Ukurasa mzima wa nyumba yetu: M1, M2, M3, M4, M5, M6. Hakuna jina hata moja. Kwenye M1 ameandika "wazi".

"Mbona unatujua wote kwa majina," nikamwambia, "halafu hujatuandika?"

"Ofisini wanataka mlango tu, baba," akasema. "Jina wanasema linajaza kurasa."

Akanichania risiti.

M4, elfu tatu, imepokelewa.